Viatu vya Mwalimu wa Kwaya

Aliyemwona mke wa Fundi Barafu akishuka ngazi za kanisa mchana ule alimwona mwanamke anayekimbia kama aliyeibiwa, au kama aliyeiba. Kilemba kimemlegea, mkoba unaning'inia kiwikoni, na miguuni amevaa viatu vya kiume, vyeusi, vya ngozi, vilivyopigwa rangi vikang'aa. Vilikuwa vikubwa mno. Kila alipopiga hatua, kisigino kilichomoka na kurudi kwa kishindo. Pwa! Pwa! Pwa!

Aligundua alipokwisha kuvuka barabara. Akatazama chini, akajishika mdomo.

"Mungu wangu! Nimevaa nini mimi?"

Vya nani, alijua. Mlangoni pa chumba cha mazoezi zilikuwa zimebaki jozi mbili tu: viatu vyake vya kamba, na hivi vya mwalimu wa kwaya. Kwa haraka aliyokuwa nayo aliingiza miguu kwenye vilivyokuwa karibu. Sasa arudi kuvibadilisha? Moyo ulisema rudi, ni dakika moja tu. Miguu ikakataa. Na siku ile, kwa bahati njema, miguu yake ilikuwa na akili kuliko moyo.

Akasimama kwenye kivuli cha duka la vioo, anahema. Kisha, bila kutarajia, akajisikia mwepesi, mwepesi kama mtu aliyetua gunia alilolizoea hata akasahau kwamba analo. Kicheko kikamponyoka. Mwenye duka akamtazama kwa juu ya miwani.

"Vipi, dada, kuna heri?"

"Ipo, kaka," akajibu huku akifuta jasho. "Ipo. Nimeponea chupuchupu."

Alichoponea hakikuanza siku ile.

Yeye alikuwa mshona mapazia, na hakuna aliyekunja marinda ya pazia yakaanguka sawasawa kama yeye. Mumewe alikuwa fundi wa mafriji. Kazi ndiyo iliyompa lile jina la Fundi Barafu, ila watu waliongeza chumvi: walisema hata tabia yake ni ya barafu, maneno yake yanahesabika. "Wewe shoga," walimtania mkewe siku za mwanzo za ndoa, "unalala na mablanketi mangapi?" Naye alikuwa akiwajibu kwa kujishaua, "Nyie hamjui kitu. Barafu ikishikwa sana, huunguza."

Siku zile alikuwa na cha kujishaulia. Alipopata ujauzito, Fundi alianza kumwita Mama Nani. "Mama Nani, umekula? Mama Nani, inua miguu hiyo." Jina la mtoto hawakuwa wameafikiana, basi Nani likakaa.

Mtoto alikuja kabla ya wakati wake, wa kike, hana pumzi. Mama mwenyewe alikuwa hajitambui. Alipoamka hospitalini, mambo yote yalikuwa yamekwisha kufanywa. Fundi alikuwa amekaa kando ya kitanda, kofia mapajani, macho sakafuni. Hakusema kitu. Waliporudi nyumbani hakusema kitu. Tangu siku hiyo hakumwita tena Mama Nani, wala hakumwita jina lingine lolote. Akawa anaanza tu, "Sikia," au "Eti." Akawa anatoka asubuhi na mapema kwenda karakana na kurudi amechoka, anakula, anashukuru, anageukia ukutani. Kama ni baridi, hiyo sasa ndiyo ilikuwa baridi.

Mama mkwe naye, mjane aliyekaa nyumba ya pili, alikuja na chungu cha uji na mashauri yake. "Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Usiyafukue." Hivyo nyumba nzima ikawa inatembea kwa ncha za vidole kuzunguka jambo moja.

Kanisani ndiko mtu mmoja alikouliza.

Mwalimu wa kwaya alikuwa mgane, aliyefiwa na mkewe akiwa bado kijana. Mtaratibu, shati halikosi pasi, sauti yake ya tatu ikianza kuunguruma hata mabenchi yanatulia. Siku moja baada ya mazoezi alimkuta mke wa Fundi anafuta machozi nyuma ya kabati la vitabu vya nyimbo. Hakumwambia anyamaze. Alimuuliza, "Ungemwita nani?"

Hilo tu. Hakuna mtu, si mama, si shoga, si mume, aliyewahi kumuuliza. Akajibu, akalia, akapewa kitambaa. Hapo palikuwa na ubaya gani? Hapakuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuja polepole, umevaa nguo za wema. Ujumbe wa simu: *Umelala vizuri?* Ujumbe mwingine: *Nimekuombea leo.* Kisha siku moja akajikuta anabadili gauni mara ya tatu kabla ya kwenda mazoezini, na kujiambia ni kwa ajili ya Bwana. Kila Jumapili alisimama na wenzake kuomba waepushwe na majaribu, na wala hakuwahi kufikiri kwamba jaribu laweza kuja linanukia sabuni, limeshika kitabu cha nyimbo.

Mchana ule, mazoezi yalipokwisha, mwalimu alisema, "Wote mwaweza kwenda. Wewe baki kidogo, ubeti wa pili haujakaa."

Mama mmoja wa sauti ya pili akamtupia jicho pembeni. "Haya, mwenye ubeti," akasema, akavaa viatu vyake taratibu kuliko inavyohitajika, akaondoka.

Waliimba ule ubeti. Ulikuwa umekaa vizuri tangu wiki iliyopita, na wote wawili walijua. Mwalimu akaondoa vidole kwenye kinanda.

"Unajua kwa nini watu wanalia ukiimba?"

"Sijui, mwalimu."

"Kwa sababu una kilio ambacho nyumbani kwako hakina msikilizaji." Akafunga kifuniko cha kinanda. "Mimi nakisikia. Nakisikia hata usipoimba."

Mke wa Fundi alitazama kapeti. Masikio yalikuwa ya moto.

"Kwaya inasafiri Jumamosi," mwalimu aliendelea, sauti imeshuka. "Mimi natangulia Ijumaa kutazama vyombo. Twende pamoja."

"Kama nani?"

"Kama mwimbaji wangu."

"Mwimbaji mmoja, mwalimu mmoja, siku nzima kabla ya wenzao?"

"Tutazungumza. Utapumzika. Lini mara ya mwisho mtu alikuuliza umechoka?" Akainuka, akaja karibu, akanyoosha mikono yote miwili. "Basi tusiamue sisi. Tuombe."

Nani angekataa sala? Akampa mikono. Mwalimu akaomba, na kweli aliomba vizuri, maneno yanateleza kama maji juu ya mwamba. Aliomba kwa ajili ya waliovunjika moyo. Aliomba kwa ajili ya wapweke. Akasema amina, naye akaitikia amina.

Sala ikaisha. Mikono ikabaki.

Alifumbua macho, akakuta ya mwalimu yako wazi kitambo, yanamtazama. Kidole gumba cha yule bwana kilikuwa kinasogea juu ya mkono wake, taratibu, kwenda na kurudi. Na lililomtisha si kile kidole. Lililomtisha ni kwamba hakutaka kiache. Ilikuwa kama maji ya uvuguvugu kwa mtu aliyekaa miezi kwenye upepo. Akaelewa, pale pale, kwamba ile sala ilikuwa shuka tu, na chini ya shuka wamejificha watu wawili.

"Moyo wako unasemaje?" mwalimu akanong'ona.

"Moyo wangu unasema ndiyo."

Uso wa mwalimu ukafunguka kama dirisha.

"Ndiyo maana naondoka," akasema, akachomoa mikono.

"Subiri! Tukae tuzungumze kama watu wazima."

"Mwalimu, nikikaa sitaondoka. Wewe unajua na mimi najua." Alikuwa amekwisha kuokota mkoba. Kichwani mwake lilimjia neno ambalo mchungaji wao, mzee wa utani mwingi, hulirudia kila mara: jaribu ukilikaribisha chai, litauliza na chakula cha jioni. "Kwa heri. Mungu akusaidie, na mimi anisaidie zaidi."

Hapo ndipo alipoingiza miguu kwenye viatu visivyo vyake, akakimbia.

Sasa alikuwa kwenye kivuli cha duka la vioo, na mbele yake njia ziligawanyika. Ya kushoto ilikwenda nyumbani. Angefika, anawe miguu, avitupe vile viatu shimoni, apike, na Fundi akirudi angekula na kushukuru na kugeukia ukutani kama kawaida. Hakuna ambaye angejua. Lakini alijifahamu. Wiki ijayo kungekuwa na ujumbe mwingine, na nyumba ingekuwa na baridi ile ile, na yeye ni yule yule. Aliyekimbia leo bila pa kukimbilia, kesho atakamatwa.

Akashika njia ya kulia, ya karakana.

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye paa la bati, mafriji yamesimama pande zote milango wazi kama watu wanaopiga miayo. Katikati, miguu ya Fundi ilikuwa imechomoza nje ya friji moja kubwa lililolazwa chali. Kichwa na mabega vilikuwa ndani. Alisikia pwa, pwa, pwa sakafuni, asijisumbue kutoka.

"Karibu mteja," sauti ikatoka humo ndani, nzito. "Lako ni lipi?"

"Langu ni wewe."

Kukasikika kishindo cha kichwa kugonga bati. Fundi akajikokota nje, anajisugua utosi, bisibisi mkononi. Akamtazama usoni. Macho yakashuka kwenye kilemba kilichopinda, yakashuka kwenye mkoba, yakafika chini, yakaganda.

"Viatu vya nani hivyo?"

"Vya mwalimu wa kwaya."

Aliiweka bisibisi chini taratibu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

"Vimefikaje miguuni kwako?"

"Nilikuwa nakimbia. Nikavaa bila kutazama."

"Amekufanya nini?" Alikuwa amesimama tayari. "Niambie, amekushika?"

"Amenishika mikono. Hakunilazimisha, Fundi. Nilimpa mwenyewe. Nisikilize mpaka mwisho, halafu useme unalotaka. Sikuwa namkimbia yeye. Nilikuwa najikimbia mimi."

Akamsimulia. Alisimulia kwa kusimama, mgongo ukiwa kwenye mlango wa friji, hakuruka kitu: kitambaa, ujumbe wa simu, gauni lililobadilishwa, sala iliyokwisha na mikono iliyobaki. Fundi alisikiliza bila kumkatiza. Shavu moja lilikuwa linamcheza.

"Umelala naye?"

"Hapana."

"Ulitaka?"

Angeweza kusema hapana kwa mara ya pili. Neno ni fupi. "Leo, kabla sijachukua mkoba wangu," alisema, "nilikaribia kumwambia twende."

Fundi aligeuka, akashika mlango wa friji lililo karibu, akaufunga kwa nguvu hata chupa za gesi rafuni zikalia.

"Nakaa humu kutwa! Mikono inanuka gesi, macho yananiwasha, ili nyumba ile isimame! Na wewe unapigiwa kinanda!"

"Nyumba imesimama, Fundi! Aliyeanguka ni mimi, na hukuniona!"

"Nilikuona!"

"Uliniona lini? Tangu mtoto..."

"Usiseme."

"Nitasema! Nimenyamaza mpaka nimeumwa! Tangu mtoto amekufa hujaniita hata jina. Unaniita 'sikia'. Nasikia nini, nawe husemi kitu? Hata kulia hukulia. Chozi moja, Fundi, chozi moja tu ningeliona, ningejua kwamba sikuwa naye mimi peke yangu."

"Nililia!"

Alipiga kelele mpaka mwanamume aliyekuwa anapita nje na baiskeli akapunguza mwendo. Fundi akaishusha sauti, na iliposhuka ikapasuka.

"Nililia. Nalia mpaka leo. Unadhani kwa nini nazamisha kichwa humo? Humo hakuna anayeona. Watu wanasema, tazama fundi alivyo mchapakazi, hatoki ndani ya friji. Fundi gani! Kuna siku nazama kwenye friji zima, halina hata ugonjwa."

Mkewe akaondoa mgongo kwenye mlango wa friji.

"Mbona hukuniambia?"

"Mama alinikanya. Alisema, ukimtajia mtoto utamtonesha kidonda, hatapona. Mwache asahau. Nami nikasema sawa, nitanyamaza, hiyo ndiyo kazi yangu. Kila ulipofungua mdomo nilitoka, nisije nikakuumiza."

"Mimi nilidhani umesahau."

"Nitasahau vipi?" Alitazama mikono yake iliyojaa grisi. "Mimi ndiye niliyembeba."

Mota moja pembeni ilikuwa inanguruma, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Ulimbeba?" mkewe akauliza kwa sauti ndogo.

"Nani mwingine angembeba? Muuguzi alitaka kumpa mzee wa kanisa. Nikamwambia hapana, nipe, ni wangu."

"Mimi sikumwona, Fundi. Niliamka nikakuta hayupo. Sijui hata uso wake."

"Najua."

"Kila usiku namtengenezea uso. Kila usiku nampa mwingine."

Fundi alifuta mikono kwa tambara, mbele na nyuma, kidole kwa kidole. Akavuta kreti, akaligeuza, akamketisha mkewe. Yeye akachuchumaa mbele yake, karibu sana.

"Niulize," akasema.

"Alikuwaje?"

"Alikuwa na nywele nyingi. Nyingi mno, zimelala upande mmoja kama aliyechanwa. Na uso ameukunja, hivi." Akaonyesha. "Kama wewe ukiona pazia limekatwa upogo. Nikamwambia, mama, nani kakuudhi?"

Mkewe alicheka, na kicheko kikageuka kilio, na kilio hakikuona haya kutoka.

"Ukamwambia hivyo?"

"Nilimwambia mambo mengi. Njia yote ya makaburini nilikuwa namwambia. Nilimwambia mama yako anashona, babako anatengeneza mafriji, bibi yako ana maneno lakini ana moyo. Kidole chake kidogo cha mguu kilikuwa kimelala juu ya mwenzake. Kama chako."

Mkewe alivua kile kiatu kikubwa cha ngozi, akautazama mguu wake mwenyewe kama vile hajawahi kuuona. Fundi akakishika kile kidole kati ya vidole viwili. Wakalia wote wawili, mchana kweupe, mlango wa karakana uko wazi. Alipomkumbatia, kifua chake kilinuka grisi na jasho na vumbi la bati, na mkewe akajificha humo kama mtu aliyefika kwao.

"Nisamehe," akasema kifuani.

"Umekuja," Fundi akajibu. "Ungeweza kwenda kokote, umekuja kwangu. Nami unisamehe, mke wangu."

Mke wangu. Akalisikia neno, akalishika, wala hakulitaja.

Walipotulia ndipo hasira ilipomrudia Fundi. Aliinuka ghafla, akatafuta kofia.

"Na huyu mpiga kinanda. Ngoja nikamwone."

"Usiende na moto huo. Utamwonea."

"Nitamwonea? Mimi?"

"Ni mpweke yule, Fundi. Amekosa, nami nimekosa. Ukimpiga, itakuwa habari ya ngumi, na watu watasahau kwamba ilikuwa habari ya roho."

Kabla hajajibu, simu ikaita ndani ya mkoba. Mkewe akaitoa, akaona ni mwalimu, akampa. Fundi akaiweka sauti ya wazi.

"Mwalimu. Ni mumewe hapa. Amefika salama, na viatu vyako viko kwangu."

Upande wa pili kikasikika kiti kikisukumwa nyuma.

"Kesho asubuhi nitakuwa kwa mchungaji," Fundi aliendelea. "Njoo. Viatu utavikuta huko. Tutazungumza kama Wakristo." Akavuta pumzi. "Kwa upande wangu, nitajitahidi."

"Nitakuja," ilijibu sauti, na haikuwa ile ya kutuliza mabenchi. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Fundi, mkeo amefanya vema kuliko mimi. Mimi ndiye mwalimu, na mimi ndiye niliyestahili kukimbia kwanza." Ikakatika.

Fundi aliitazama ile simu kwa muda. "Hm," akasema. "Kumbe na yeye ameshukuru kwamba ulikimbia."

Wakati huo huo kivuli kikaziba mlango. Alikuwa mama mkwe, khanga kiunoni, anahema kama aliyepanda mlima, na kwapani ameshikilia ndala mbili za kijani.

"Nimeambiwa," akaanza, akasimama avute pumzi, "nimeambiwa mkwe wangu amepita barabarani anakimbia, kavaa viatu vya mwanamume. Walioniambia wameniambia mengi. Mengine nimeyaacha njiani, mazito." Akazitupa zile ndala miguuni pa mke wa mwanawe. "Ndala zako hizo. Kama ni ugomvi, tugombane umevaa vyako."

Mkewe Fundi alizitazama zile ndala. Mama wa watu ametoka nyumbani kuja kusikia mabaya, lakini kwanza amepita kuchukua ndala.

"Asante, Mama."

"Usinishukuru. Mbona macho mekundu? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa leo, Mama," Fundi akasema. "Ya viatu nitakueleza, yamekwisha. Tulikuwa tunazungumza habari za mtoto."

Uso wa mama ukabadilika. "Nilikukataza."

"Ulinikataza, nami nikakutii. Kutii huko nusura kunivunjie nyumba."

Fundi alitarajia mama atapandisha sauti, maana ndiyo desturi yake. Badala yake mama alitafuta pa kukaa, akaona kreti lingine, akaliketia kwa uzito wote.

"Na mimi mama yangu alinikataza," akasema, hamtazami mtu. "Kabla yako wewe alikuwapo mwingine. Wa kiume."

"Sijawahi kusikia, Mama."

"Ungesikia wapi? Babako alikufa hatujawahi kulitamka. Nikadhani ndiyo dawa, kwa kuwa mimi sikufa." Akajipangusa pua kwa ncha ya khanga. "Sasa nimezeeka, bado namuota. Dawa gani hiyo?"

Mkewe Fundi aliinuka, amevaa ndala zake, akaenda kuchuchumaa mbele ya mama mkwe, akamshika mikono. Mikono ya sala ile ya mchana ilikuwa laini na ilimtia hofu. Hii ilikuwa migumu, ina makovu ya jiko, na haikumwogopesha hata kidogo.

"Alikuwaje, Mama?"

"Alikuwa na kichwa kikubwa," mama akasema, akaanza kutetemeka mdomo. "Kama huyu." Akamwonyesha Fundi kwa kidevu, na wote watatu wakacheka, kicheko kibichi kilichochanganyika na makamasi.

Mama alimaliza kulia kama alivyoanza, ghafla, akajifunga khanga upya. "Na hiyo kwaya je? Maana mimi si mtoto, yaliyokuwa yanasemwa nilikuwa nayasikia."

"Ile naiacha, Mama. Kuimba siachi. Nitahamia kwenu, kwaya ya akina mama."

"Kwetu! Kwetu hakuna anayejua ubeti wa pili wa wimbo wowote."

"Nitawafundisha."

"Sawa. Ila usikae karibu yangu. Mimi naimba kwa nguvu, sijali noti." Akasimama, akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, na midomo yake ikakunjamana kwa tabasamu alilolificha haraka. "Naenda kupika. Leo napika mimi. Na chakula changu kinachelewa kuiva, kwa hiyo msinijie mbio mbio."

Akaenda zake.

Fundi alizima mota, akafunga mafriji milango, moja baada ya jingine, akashusha komeo la karakana jua likiwa bado juu. Jirani yake, fundi wa redio, alitoa kichwa nje kuhakikisha kwamba anachokiona ni kweli.

"Kuna msiba, Barafu?"

"Hakuna. Naenda nyumbani na mke wangu."

Wakashika njia. Mwanzo walitembea kama walivyozoea, yeye mbele kidogo, mkewe nyuma kidogo. Kwenye kona ya duka la vitambaa Fundi akasimama, akamngoja, akamshika mkono. Hajawahi kufanya hivyo barabarani, hata siku za uchumba. Wauza duka wakakatisha mazungumzo. Mwanamke mmoja aliyebeba beseni akageuka mzima mzima.

"Fundi," mkewe akanong'ona, "watu wanatutazama."

"Watazame." Akaukaza ule mkono, vidole ndani ya vidole. Walikwenda hatua chache. "Sikia... mke wangu. Sijakuambia habari ya masikio yake."

Mkewe akasimama. "Yalikuwaje?"

Fundi alimtazama kwa huzuni yote ya mtu anayeleta taarifa mbaya.

"Yangu," akasema. "Yangu matupu. Pole sana."

Naye akacheka pale pale katikati ya njia, kichwa nyuma, kwa sauti kubwa safi, hata waliokuwa wanawatazama wakajikuta wanacheka nao bila kujua ni kwa nini.